Nyasi za Chini

Mpaka leo nikiingia nyumba ya watu nikakuta mwanamume ametoka gereji na ovaroli lake, amekaa kwenye kochi na mtoto mapajani, damu inanichemka. Sijali ni nyumba ya nani. Nitasema, "Wewe, mshushe huyo mtoto, toka nje ukavue!" Wajukuu zangu huona aibu. Husema bibi ameanza, na mmoja wao, ambaye kwa mdomo ananishinda hata mimi, huniuliza tangu lini nimekuwa bwana afya. Acha aulize. Yeye hakumwona mdogo wangu amelala juu ya nyasi za nyumba yetu, anasaga meno, macho yako wazi na hamtazami mtu.

Tulikuwa tunakaa Kamuli. Siku hizi wanasema ni Kyerwa, enzi zile kote huko tulikuita Karagwe tu. Kwetu kulikuwa kama kwa majirani wote: migomba imeizunguka nyumba mpaka mlangoni, mibuni chini ya migomba, na ng'ombe wachache wa baba ambao aliwapenda kuliko alivyokubali kusema. Nyumba ilikuwa msonge mkubwa, umeezekwa kwa nyasi kutoka kichwani hadi chini. Bibi mzaa baba alikuwa na sehemu yake humo ndani, na hakuna lililopita asilolitolea neno.

Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya bati, ng'ambo ya kilima. Wenzake wengi walikuwa wachimbaji, yeye aliwekwa gereji. Ilikuwa wakati wa ile vita kubwa ya pili, na betri mpya za malori zilikuwa hazipatikani kwa vyovyote. Basi kazi ya baba ikawa kuvunja betri zilizokufa, kutoa vile vibao vya risasi vilivyomo ndani, kuviyeyusha kwenye chungu cha chuma juu ya moto na kuvimimina upya. Risasi ni madini laini, mazito, ya kijivu, na vumbi lake ni jepesi kama unga. Hakuna aliyemwambia kuwa vumbi lile ni sumu. Au kama yupo aliyemwambia, alimwambia huku anapita.

Sisi tulijivunia ile kazi, nisije nikawadanganya. Watoto wa majirani baba zao walinuka udongo, baba yetu alinuka gari! Akirudi jioni tulimpigia magoti, shikamoo baba, naye huitikia huku anaingia. Alikaa mahali pake, karibu na nguzo ya kati, akavua shati la kazi, akalikung'uta kidogo, akalitupa kando yake. Hapo ndipo mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alipokuja mbio kwa vile vimiguu vyake. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea na kusema. Alipiga kelele "Tata! Tata!", ndiyo baba kwa Kinyambo, akampanda baba kama anapanda kichuguu, na akishachoka alilala palepale, analitafuna kola la lile shati. Mama alikuwa akisema mtoto huyu atakula nguo zote za nyumba hii. Tulicheka.

Niwaeleze na nyasi, maana wajukuu zangu wamezaliwa kwenye sakafu ya saruji na hawajui. Kwetu sakafu ya nyumba ilitandikwa nyasi laini. Ndizo zulia, ndizo kiti cha mgeni, ndizo kitanda cha mtoto mchana. Sikukuu ikikaribia, au mgeni wa heshima akitarajiwa, wanawake walikwenda mbugani kukata nyasi mbichi, wakazitandika juu ya zile za zamani. Juu, sikiliza vizuri. Kwetu zile za chini hazikutolewa hovyo. Nyumba yenye nyasi nene ilikuwa nyumba ya mwanamke mchapakazi, ukikanyaga unazama, unasema hapa kuna mtu. Mama yangu nyasi zake zilisifiwa mpaka Nyakakika.

Mdogo wangu alianza kwa tumbo. Alijikunja, analia, choo hapati. Bibi alimpa majani yake, akatulia, likarudi. Kisha akaacha kula ndizi, hata zile za kuponda na maziwa alizozipenda. Kisha akaacha kukimbia. Akaanza kusaga meno, sauti ile mpaka leo nikiisikia mahali nywele zinanisimama. La mwisho kuondoka lilikuwa neno. Baba aliingia jioni moja, akangoja, "Tata" haikuja. Mtoto alimtazama kama anautazama ukuta. Baba akacheka, akasema leo amenisusia, lakini niliona mikono yake imekosa pa kukaa.

Maneno ya majirani mnayajua. Wengine walisema ni jicho, wengine wakamtaja jirani mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kuwa mjane na kunyamaza. Baba alitaka kwenda kwa mganga. Mama alisema nenda, mimi sikuzuii, lakini mimi mtoto namwangalia. Na kweli alimwangalia. Nilimwona anamwangalia mtoto yule kama mtu anavyoangalia maziwa yaliyo motoni, hageuzi shingo.

Ndipo akafa ndama. Alikuwa ndama mwekundu, ahadi ya baba ya zizi kubwa siku za usoni. Alianza kuzunguka mahali pamoja, akawa anasukuma kichwa kwenye ua, haoni. Na alisaga meno. Mama alikuwa anapepeta ulezi, akaacha, akaja kusimama pale uani. Akasikiliza. Kisha akaingia ndani, akainama kwa mdogo wangu, akasikiliza. Akatoka tena. Akaniuliza, "Huyu ndama amekula nini ambacho mdogo wako naye anakula?"

Nilimjibu kwa kiburi cha kitoto kwamba ndama anakula majani na mtoto anakula uji, kuna kuulizana gani hapo. Alikuwa anaangalia ua. Juu ya ua palikuwa na shati la baba la kazi, limeanikwa, na upande mmoja lilikuwa limelambwa mpaka limebadilika rangi. Ng'ombe hupenda chumvi ya jasho, kila mtu kwetu anajua. Mama alilitoa lile shati kwa ncha ya fimbo, akalitazama lile kola lililotafunwa na mtoto, akatazama upande uliolambwa na ndama. Asubuhi yake alimfunga mdogo wangu mgongoni, akapanda kilima.

Kwenye machimbo kulikuwa na zahanati ndogo na dresa mmoja wa kutibu wagonjwa, Mhaya wa upande wa Bukoba, Mlutheri mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi hata kama dunia inaanguka. Watu walimwogopa kwa ukali. Mimi nilikwenda na mama siku ile, nilibeba kibuyu cha maziwa, kwa hiyo haya niliyaona. Mama alimweleza yote, la ndama na la shati, kwa Kinyambo, naye akajibu kwa Kihaya, na lugha hizi ni ndugu, kwa hiyo walielewana vizuri. Nilifikiri atamcheka. Hakumcheka. Alituma mtu gereji akamwite baba.

Baba akaja, anajifuta mikono kwenye suruali. Dresa akamwambia, "Fumbua mdomo." Akamvuta mdomo wa chini kwa kidole, akamwita mama. "Mama, njoo uone." Kwenye fizi za baba, pale zinapokutana na meno, palikuwa na mstari mwembamba, wa buluu iliyokaribia nyeusi. Baba mwenyewe alikuwa hajui. Nani anajiangalia fizi?

Dresa akasema, "Ni risasi. Iko ndani ya mwili wako, na kwenye nguo zako unawapelekea nyumbani. Wewe ni mtu mzima, unaistahimili. Mtoto hawezi." Akasema dawa ya kuitoa hana, pale wala Bukoba. Akasema mtoto apewe maziwa, maharage, mboga za majani, asikae na njaa, na zaidi ya yote isiingie nyingine. Nguo za kazi zisivuke mlango. Mikono, nywele, miguu, vyote vioshwe kabla. Aliyasema yale mara ya pili, polepole, huku anamtazama baba. Mama alikuwa ameshayashika mara ya kwanza.

Baba alirudi kazini, sisi tukashuka. Mama alifika, akamlaza mtoto kwa bibi, akachukua panga. Mpaka jua linaelekea kushuka alikuwa amesimamisha kibanda kule mwisho wa migomba, njia ya kilimani inapoingilia shambani kwetu: nguzo, kuta za majani makavu ya mgomba, jiwe la kusimamia, mtungi wa maji, na sabuni ya kufulia ambayo ilikuwa imefichwa kwa ajili ya Krismasi. Ndani alitundika shuka safi.

Baba alipofika akakiona, aliuliza ni cha nini. Alipoambiwa, loo! Sijapata kumwona hivyo. "Mimi? Nivue nguo porini kama mwizi aliyekamatwa, ndipo niingie nyumba yangu mwenyewe?" Na bibi akatoka, fimbo mkononi, akamgeukia mama. "Mkamwana, mwanamume hasimamishwi njiani. Hata mkwe wako, Mungu amlaze, alirudi na damu ya nyati akaingia." Mama alipiga magoti kwa bibi, kwa heshima zote, akasema, "Mama, kweli." Akainuka. Akaingia ndani, akamchukua mdogo wangu na blanketi, akanishika mkono, akatupeleka kibandani, tukakaa.

Mvua ikaanza, ile ya jioni ya kwetu isiyobisha hodi. Kibanda kilivuja. Baba alisimama mlangoni kwake, ndani kunawaka moto, akatuita. Mama akajibu bila kupaza sauti, "Nyumba ni yako, ingia. Nguo zako zikiingia, mtoto huyu haingii." Mimi nilikuwa nimelowa, nina njaa, na nilikuwa na hasira naye mama, nilitamani aache ukaidi twende tukale. Ndivyo watoto walivyo, hawajui wanapiganiwa.

Kisha baba akaja. Akapita katika mvua, akasimama nje ya kibanda, akatugeuzia mgongo na kuanza kuvua: shati, suruali, na kile kitambaa cha kichwani. Mvua inampiga. Mama akanifunika macho kwa kanga, akamsogezea sabuni kwa mkono mwingine. Nikamsikia baba anajisugua na kunung'unika, na katikati ya manung'uniko akasema, "Hii sabuni si ilikuwa ya Krismasi?" Mama akasema, "Leo ndiyo Krismasi." Wakacheka, jamani. Walicheka katika mvua ile, na mtoto wao yuko hoi katikati yao. Nimewapenda wazazi wangu kwa mengi, lakini kwa kicheko kile nawapenda zaidi.

Kuanzia siku hiyo baba hakuingia na nguo za kazi. Ilimgharimu, msifikiri. Kwenye pombe wenzake walimwita bibi harusi, anayeogeshwa ndipo aingizwe ndani. Walimuuliza kama mkewe humkagua na masikio. Baba alikuwa mtu wa ngumi ujanani, kijiji kizima kinajua, lakini alikaa na kibuyu chake, akanywa, akasema, "Ananikagua. Na nyie fumbueni midomo yenu niwakague." Mmoja akafumbua kwa mzaha. Mstari ulikuwepo. Mzaha ukaishia hapo.

Lakini mtoto hakupona. Hili ndilo lililomtesa mama. Amefanya yote aliyoambiwa, maziwa anampa, mboga anampa, baba anaoga mpaka ngozi inapauka, na mtoto bado anasaga meno. Alikuwa haongei, hashiki kitu. Bibi alisema, sasa kwa huruma na si kwa ugomvi, "Mwanangu, umejitahidi. Mwachie Mungu." Mama alisema ndiyo, mama. Na siku ile, kwa vile sikukuu ya mavuno ya kanisani ilikuwa inakaribia, tukaenda mbugani kukata nyasi, kama kila mwaka.

Tulirudi na mizigo yetu. Mama akasambaza mzigo mmoja kuanzia mlangoni, akafika kwenye nguzo ya kati, mahali pa baba, mahali ambapo mdogo wangu alipenda kulala. Pale palikuwa pamebonyea, akapiga magoti ili azifufue zile za zamani kwanza, apate usawa. Akatia mikono mpaka chini. Alipoitoa ilikuwa ya kijivu.

Alikaa akaitazama mikono yake. Nilidhani ni majivu, nikasema hivyo. Akasugua vidole, akavinusa, akaniambia nimtoe mtoto nje sasa hivi. Dresa alikuwa mtu wa nyumba ya saruji, yeye alisema funga mlango, na mlango mama aliufunga. Lakini kila jioni ya huko nyuma, baba alipokung'uta shati lake, vumbi lilishuka katika nyasi, na kila sikukuu mama, kwa bidii yake, kwa zile sifa zake zilizofika Nyakakika, alilifunika kwa nyasi mpya. Mtoto akicheza, anafukua. Akilala, kinywa chake kiko humohumo.

Alijifunga kanga kiunoni, akafunga na nyingine puani, akazinyunyizia maji nyasi zote zisitimue vumbi, akaanza kuzitoa. Zote, za juu na za chini, mpaka zile alizotandika mama mkwe wake siku za uhai wa babu. Kwa kawaida nyasi za nyumba hutupwa kwenye mashina ya migomba, zinarutubisha. Hizi alikataa. Alichimba shimo mbali na migomba, mbali na kisima, akazizika. Wanawake waliopita njiani walisimama wakashika videvu. Nyumba tupu, udongo uko wazi, na sikukuu ndiyo hiyo! Mmoja akauliza nani amefariki. Mama akasema, "Hajafa mtu. Ndiyo maana natoa."

Nilitazama kuona bibi atasema nini. Zile nyasi za chini kabisa zilikuwa zake, alizitandika akiwa bibi harusi. Alikuja mpaka mlangoni. Kisha akaiegemeza fimbo ukutani, akainama na mgongo wake ule, akachota mkumbo wa kwanza wa zile zake kwa mikono yake mwenyewe. Akaupeleka shimoni. Walipishana mlangoni, mkwe na mkamwana, mpaka nyumba ikaisha. Kisha mama akakwangua udongo wa juu, akautoa nao, wakasiriba sakafu upya kwa udongo na samadi. Sikukuu ile wageni wetu walikaa kwenye mikeka, na atakayesema mama yangu alikuwa mvivu aje aniambie mimi.

Baba alikwenda kwa wale wenzake wa gereji, akawaeleza habari za nyasi. Hakuwaeleza kwa kuwakemea, aliwaeleza kama anavyoeleza habari ya mnyama aliyeonekana karibu na zizi. Bila kumngoja mkubwa wa machimbo, walijenga kibanda kikubwa kwenye kijito, kati ya gereji na vijiji, wakawa wanaacha nguo pale na kuoga pale. Yule aliyekuwa akimwita baba bibi harusi ndiye aliyeezeka. Nyumba kwa nyumba, wanawake walianza kutoa nyasi za chini. Sijui ni watoto wangapi walionusurika, na hata wao wenyewe hawajui, na hiyo ndiyo raha ya kazi ya namna ile.

Mdogo wangu alirudi polepole sana. Kwanza tumbo, kisha usingizi, kisha akaacha kusaga meno na nyumba ikawa kimya mpaka tukashtuka. Akaomba ndizi kwa mkono. Akasimama kwa kushika nguzo. Lakini neno halikuja, na baba alikuwa ameacha kulingoja, au alijifanya ameacha. Sitawaambia kwamba alipona akawa kama wengine. Shule ilimshinda, kusema kulimchukua muda maisha yake yote. Ila aliishi, akaoa, akalima kahawa, na akawazika wote wa kwetu waliotangulia.

Jioni moja, mtoto akiwa bado hasemi, tulikuwa tunamenya ndizi. Baba alikuwa ametoka kijitoni, na bado alikuwa amepitia kibanda chetu pia, hakuwahi kukiruka. Alikuja na shuka lake, maji yanamchuruzika kwenye nywele. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo. Baba akainama, akanyoosha mikono amnyanyue, na mtoto akainua kiganja chake, akamsimamisha kabisa, uso umekunjwa kama uso wa mama, akasema, "Naaba!"

Yaani nawa. Kati ya maneno yote ya dunia, ndilo alilorudi nalo.

Mama aliangusha kisu. Baba hakusema nimeshanawa. Aligeuka, akarudi kibandani kwa njia ile ile, tukasikia anajimwagia maji upya, na ndani ya sauti ya maji tukamsikia analia. Mama akanisukuma begani. "Mpelekee maji mengine," akasema, "yale hayamtoshi."